Sharti la Ubatizo

Mbwa wa Kaluki, wanaowatimua hata watu wa chanjo, walimwona Muindi akiingia bomani wakaendelea kulala. Alikuwa amekuja tena na ujumbe uleule, na kila safari miguu yake ilizidi kuwa mizito.

Muindi alikuwa mmishenari, kijana ambaye ndevu zake bado zilikuwa zinatafuta njia. Misheni ya Matiliku ilimpeleka Kyuso kwa kuwa alizijua njia za huko na watu wake, ikamwachia kanisa la mabati na waumini wachache mno. Mvua ikinyesha, watu wako shambani. Ndengu zikikomaa, wako shambani. Siku ya mnada ndiyo hata asiulize. Kuna Jumapili alimhubiria mama mmoja, mtoto wake mchanga na kuku aliyeingia kutafuta kivuli, na kuku ndiye aliyekaa mpaka mwisho.

Kaluki ndiye aliyemtia moyo. Bibi kizee huyo hakukosa ibada. Aliimba kuliko wote, akiyakosea maneno bila haya, na wengine wakimaliza wimbo yeye alikuwa bado na ubeti wake. Sasa kifua kilikuwa kimemshika vibaya, na kabla hajafa alitaka kitu kimoja tu: abatizwe, ili siku yake ikifika azikwe na watu wa kanisa wakimwimbia.

Kikwazo kilikuwa Ndila.

Kaluki hakujaliwa mtoto. Ujana ulipompita, alifanya kama walivyofanya wanawake wengine wa Ukambani wenye shida kama yake: alipeleka mbuzi kwa wazazi wa msichana, akamwoa, ili msichana azae na uzao uwe wa boma la Kaluki. Mke wa namna hiyo huitwa iweto. Ndila aliingia pale akiwa binti mbichi, na sasa kichwa chake kilikuwa kimeanza kuota mvi. Walikuwa wamelima pamoja, wamemzika mume wa Kaluki pamoja, na kikohozi kilipozidi, Ndila ndiye aliyemkalisha Kaluki kitako na kumsugua mgongo.

Kanisa halikutaka kusikia. Mchungaji Nzau, mkubwa wa misheni, alisema Kaluki amrudishe Ndila kwao ndipo aguse maji. Muindi alimsihi atume mtu mwingine.

"Mwingine hatamsikiliza," mchungaji alijibu. "Wewe atakusikiliza. Na hapo ndipo tutajua kama kweli umeitwa."

Kwa hiyo akaenda, akaketi kwenye kigoda mbele ya mgonjwa.

"Susu," alianza, kama vijana wote wa Kyuso wanavyomwita bibi kizee, "mchungaji anakuja Jumapili."

"Na maneno yake ni yale yale?"

"Ni yale yale."

Kaluki alikohoa mpaka machozi yakamtoka. "Sasa huyu nimfukuze nikimwambia amenikosea nini? Huyu ndiye mikono yangu."

Muindi alikuwa amejiandaa na mistari ya Biblia ya kumjibu. Aliifungua Biblia, akaifunga. Kando yao Ndila alikuwa akipepeta ndengu, na Muindi alijitahidi asimtazame. Alijichukia kwa hilo.

Ndila akaweka ungo chini.

"Wacha abatizwe," alisema. "Mimi nitarudi kwetu Kiboko. Kaka yangu ako na nyumba. Huyu mzee akikufa bila kuingia maji, mimi sitapata usingizi tena."

"Na nani ataniamsha nikikohoa?" Kaluki aliuliza.

"Kanisa itakuangalia. Si ndiyo, mmishenari?"

Muindi aliitikia kwa kichwa. Ndila aliingia jikoni akamletea kikombe cha chai ya rangi, sukari kidogo, bila kumuuliza anainywaje. Aliinywa yote.

Jumapili walimzamisha Kaluki katika bwawa. Aliibuka akicheka kama msichana, maji yakimtiririka usoni, na watu wakapiga vigelegele. Kwa kitambo kidogo Muindi alifurahi, furaha ya kweli, aliyokuwa ameisubiri tangu afungue kanisa lile. Mchungaji Nzau alimkamata mkono akautikisa kwa nguvu. "Matunda ya kwanza, kijana wangu!"

Kisha Kaluki akageuka ukingoni, akanyoosha mkono bila kuangalia ili apewe shuka. Mkono ulibaki hewani. Mama mmoja wa kanisa alikimbia kumfunika, lakini Kaluki alikuwa ameacha kucheka.

Muindi hakungoja chakula. Alishuka mbio mpaka stendi, akamkuta Ndila amesimama peke yake kando ya sanduku la bati na gunia la ndengu. Gari la kwenda Kitui mjini lilikuwa tayari linapiga honi. Alipandisha sanduku juu, akapandisha gunia, kisha akasimama mbele yake. Aliyewaombea wagonjwa na wafiwa wa Kyuso yote hakuweza kuomba. Alilia tu, mbele ya makanga na abiria.

Ndila akampangusa uso kwa pembe ya leso yake.

"Nyamaza, mchungaji asikuone," alisema. "Kazi yako umefanya. Lakini siku utakuja kwa mjomba wako kuniona, usinisalimie 'Bwana asifiwe' kama mtu umekuta njiani. Niite mama, vile ulikuwa unaniita kabla wakufanye mmishenari. Ama hiyo pia wamekataza?"