Viti Vielekee Jikoni

Kabla ya kubisha hodi, mpambaji alizunguka nyuma ya nyumba na kung'oa vijiti vyote alivyovichomeka jana. Akafungua na utepe mweupe alioufunga kwenye nguzo ya kamba ya nguo, akauviringisha na kuutia kwenye mfuko wa aproni. Ua ukabaki mtupu, kana kwamba hajawahi kupita hapo fundi wa harusi.

Mbwa alimtazama, akapiga mwayo, akalala tena.

Jirani, mshonaji mwenye mdomo wake, alikuwa akianika mashuka upande wa pili wa ukuta.

"Leo viti vinaelekea wapi?"

"Sijui bado. Jana vilielekea barabarani."

"Na juzi kwangu." Mshonaji alichomoa kibanio alichokuwa amekibana kwa meno. "Mwenzangu, si umwambie tu?"

"Nimwambie nini?"

Mshonaji akarudi kwenye mashuka yake.

Mpambaji alikuwa amepamba harusi nyingi hadi maua yamemkinaisha. Alishakutana na wateja wa kila aina: wanaolia kwa sababu ya rangi ya vitambaa, wanaogombana na wakwe mbele ya keki. Lakini huyu mama mwenye nyumba alikuwa kiboko yao. Kila siku alitaka mipango ianze upya, na kila siku aliianza kwa furaha ileile. Miezi ya mwanzo mpambaji alikuwa akiondoka hapo machozi yakimlengalenga. Siku hizi hayaji. Moyo umekufa ganzi, mikono ndiyo inayofanya kazi.

Alibisha hodi.

"Karibu, fundi! Leo nimepata wazo."

"Shikamoo, Mama. Haya, nipe hilo wazo."

Walitoka uani. Mama alikuwa amevaa gauni lake zuri na ndapa za mpira miguuni, akitembea mbele kama mwenye shamba.

"Nataka ifanyike hapahapa, kiangazi hiki. Kumbi siziwezi mimi. Zinanuka harusi za watu wengine."

"Sawa, Mama."

"Hema lianzie pale, liishie pale. Na viti vielekee jikoni."

"Wageni waje kuangalia masufuria?"

"Waangalie mlango!" Mama alicheka hadi akashika mbavu. "Binti yangu atatokea mlango wa jikoni. Humo ndimo alimokulia, miguuni pangu, mimi namenya vitunguu na yeye analia badala yangu. Hapendi mbwembwe."

Mpambaji alichomeka kijiti cha kwanza. Akavuta futi kamba hadi kwenye nguzo, akapima, akachomeka cha pili.

"Meza ya keki tuiweke huku kwenye kona," mama alisema.

"Hapo hapana, Mama. Mvua ikinyesha, maji yanatuama. Gauni likigusa tope la hapo halitakati tena."

"Mvua kiangazi? Itoke wapi?" Kisha akamkazia macho. "Na wewe umejuaje kwamba yanatuama?"

Mpambaji aliinama, akakandamiza kijiti ambacho kilishasimama imara. "Udongo unaonyesha, Mama."

Jibu lilimridhisha. Akaketi kwenye ngazi ya jikoni na kuangalia utepe ukifungwa nguzo hadi nguzo.

"Lakini mwenye harusi ni yeye, si mimi," alisema. "Akitoka kazini nitamwonyesha. Akikubali, tumemaliza."

"Atakubali."

"Anachelewa siku hizi. Wanamtumikisha sana huko. Ila nikimwona tu anaingia na mkoba wake, uchovu wote unaniisha."

Hilo ndilo lililomrudisha mpambaji kila alasiri, wala si vijiti. Alikuja kwa ajili ya ile dakika moja ambayo binti anaingia, mama anamwona, na uso wake unafunguka. Kazi yote ya uani ilikuwa ya kufikia hapo. Lakini jana dakika hiyo ilikaribia kuharibika. Mama alisita kidogo kabla ya kunyoosha mikono, na mpambaji aliona. Leo aliogopa, au alijua kwamba angepaswa kuogopa.

Kivuli cha ukuta kilipofika kwenye ngazi, alikunja futi kamba.

"Mimi naenda, Mama. Binti yako yuko njiani."

"Haya, fundi. Ngoja na mimi niingie sebuleni nimsubiri. Kesho njoo na maua niyaone."

"Nitakuja nayo."

Geti la nyuma lilikuwa na tabia ya kukwama. Alilinyanyua kwa goti bila kuliangalia, likafunguka. Nje, nyuma ya tangi la maji, alivua aproni, akavua raba zenye udongo na kuvaa viatu vya kisigino. Alijifuta uso kwa kiganja, akachukua mkoba aliokuwa ameutundika kwenye bomba, kisha akazunguka hadi mlango wa mbele. Akaufungua kwa ufunguo wake.

"Mama, nimerudi!"

Mama yake aliinua macho kutoka kwenye kochi. Alivitazama viatu, akautazama mkoba, mwisho akamtazama usoni, taratibu. Kisha akatabasamu vizuri, kama mtu anavyomtabasamia mgeni.

"Afadhali umerudi, fundi. Kaa. Binti yangu bado hajafika."

Mpambaji aliuweka mkoba sakafuni, akaketi kando yake.

"Basi tumngoje, Mama."