Kufuli Lenye Wivu

Jirani anasema kaka yangu alisahau. Anasema alikuwa anafunga giaboksi mpya kwenye mashine ya kusaga pale kiwandani, swichi hakuizima na kuifunga kwa kufuli, mashine ikawaka ikamvuta.

"Fundi mzima, asahau swichi!" anawaambia waombolezaji uani, na wifi yangu anajifunika uso.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, nafua ovaroli ya kaka. Maji yalitoka meusi kwa grisi, kisha mekundu, kisha meusi tena. Kwenye mfuko wa kifuani kidole changu kikagusa ufunguo mdogo.

Kaka alipenda kulitania lile kufuli la swichi. "Mdogo wangu, lina wivu kuliko wifi yako. Halikuachii ufunguo mpaka ulifunge."

Basi alilifunga. Na ufunguo ni huu mmoja, mwingine hakuna.

Nikaenda uani, povu likinidondoka mikononi, nikapiga goti mbele ya msimamizi wa kaka kiwandani, aliyekuja kutupa pole.

"Shikamoo, baba. Ufunguo wa kaka ninao. Naomba na kufuli lake, nione limekatwa wapi."