Mbuzi ya Bi Msiri

Saa kumi alasiri, mzani wa duka la nafaka ulisoma kilo ishirini na tano. Tiketi ya Sikudhani iliruhusu ishirini na tatu, naye hakuwa na cha kulipia ziada. Ndege ilikuwa kesho. Alifungua sanduku, akatoa blanketi lake zito.

"Lirudishe," alisema Bi Msiri, jirani aliyemchangia nauli. "Kule kuna baridi, mwanangu. Toa mbuzi yangu ya nazi."

"Na mwanao aliyejifungua huko nimwambie nini?"

"Mwambie mamake kazeeka, kasahau."

"Wewe na kusahau wapi na wapi, Bi Msiri?"

Mwenye duka alicheka. Aliitoa mbuzi sandukuni, akachukua bisibisi, akakifungua kile chuma chenye meno kutoka kwenye kiti cha mbuzi. "Mbao hata huko zipo," alisema.

Sikudhani alikiviringisha chuma ndani ya blanketi, akafunga sanduku. Mzani ukasoma ishirini na tatu kamili.

Bi Msiri alikikalia kidogo kile kiti kisicho na meno, palepale dukani. Kisha akakikunja, akakitia kwapani, akaenda nyumbani kupika.