Maombi ya Kolesteroli

Karatasi ya vipimo kutoka Lilongwe ilisema kolesteroli yangu imepanda, nami nina miaka ishirini na minne tu. Daktari alinikataza vyakula vya kukaangwa.

Mama akaisoma kanisani. Hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka mgonjwa hatembelewi kwa mikono mitupu: jioni hiyo bamama ba kwaya waliniwekea magotini beseni la mandazi ya moto, limefunikwa kitambaa.

“Kula, Divin. Kolesteroli haipendake mutu wa nguvu,” alisema kiongozi wao.

Mchungaji, aliyekuja nao, akaweka mkono mmoja juu ya kichwa changu. “Tufunge macho. Mafuta yatoke katika damu hii!”

“Amina!”

Harufu ikanishinda. Nikaingiza vidole chini ya kitambaa, polepole.

Nikakuta mkono mwingine umetangulia, unateleza kwa mafuta, na pete ya ndoa ya mchungaji kidoleni.