Miguu ya Klabu

Siku hizi kila mchezaji huwekewa miguu ya klabu. Mjukuu wangu Shomari alipogoma kusaini mkataba mpya, waliizima miguu yake, akaletwa kwangu amebebwa. Kila asubuhi naipaka mafuta ya nazi ya vuguvugu, kama nilivyomkanda alipozaliwa.

“Bibi, unakanda chuma!”

“Nyamaza, mume wangu. Hata chuma hushika kutu.”

Jana meneja alipiga simu, kwa adabu kabisa.

“Kikomo cha mishahara kimefika, Bibi. Shomari hatumwongezi. Ila miguu ni mali yetu, haihesabiwi mshahara. Kesho ina mechi.”

Leo nikimkanda, vidole vya miguu vikachezacheza. Nikapiga kigelegele. Miguu ikasimama, ikaanza kumpeleka nje, naye kang'ang'ania mlango.

“Si mimi, Bibi! Nishike!”

Nimemshika kiunoni. Mikono yangu imejaa mafuta, inateleza.