Nguzo Isiyokuwepo

Kwa miaka tisa, mfumo wa zamani wa kuwapangia mafundi umeme kazi ulikosea jambo lilelile: kila Jumatano ulimtuma Mwinjuma kukagua nguzo iliyokwisha kung'olewa mbele ya nyumba ya mama yake. Mafundi wote walijua, na hakuna aliyefungua mdomo. Mwinjuma alikwenda, akala vitumbua, akaandika, "Nguzo iko salama."

Kisha ukaletwa mfumo mpya, usiokosea. Jumatano ya kwanza alifungua kishikwambi chake akijua habari ya vitumbua imekwisha. Kazi ya nne ilisomeka: "Mteja: Bi Mize. Tatizo: upweke. Muda: dakika kumi na nane."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nilisikia mfumo umebadilishwa, nikasema leo huji."

Akamwonyesha mama yake kioo cha kishikwambi. Bi Mize alisoma polepole, akaitazama taa ya dari, kisha mita ukutani.

"Mie sijamwambia mtu, mwanangu. Hata wewe sijakwambia."

Mama akaondoa kawa juu ya vitumbua, akafunikia kishikwambi.

"Kula, baba," alinong'ona.