Mbele ya Tingatinga

Ganeshmaya aliketi chini barabarani, mbele ya tingatinga, akakunja miguu kama mtu aliyetoka nje kuota jua. Dereva akazima injini.

"Bibi, ondoka. Usinitie matatani."

"Siondoki, mwanangu."

Watu walizidi kujaa kwenye daraja la mto Bishnumati, wakimpigia makofi. Purna, jirani yake muuza chai, ndiye aliyewachochea.

"Hapo hapo, bibi! Wametuzoea hawa! Ati mto utatumeza! Mto gani? Huu si mtaro tu?"

Akamaliza chai yake, akatupa kikombe cha plastiki majini bila hata kutazama. Kikanasa kwenye lundo la mifuko na matambara.

Ganeshmaya alikuwa amechoka. Alichoka na uvundo wa maji ambayo usichanani mwake aliyaoga. Alichoka kupandisha magodoro darini kila msimu wa mvua, kisha kuyashusha na kuanza kuzoa tope. Mwaka jana mafuriko yaligonga ukuta wake, yakageukia ng'ambo, yakamkuta Maiya, shoga yake wa tangu utoto, amelala. Matangani Purna alisema ile ilikuwa mvua ya ajabu tu, haitarudi tena.

Vyombo vya Ganeshmaya vilikuwa tayari juu ya mkokoteni, pamoja na picha ya marehemu mumewe.

Sujan, mhandisi wa manispaa, akachuchumaa mbele yake. Macho yalikuwa yamemwiva kwa uchovu.

"Bibi yangu, nakuomba. Wakubwa wameamua. Mimi natumwa tu."

"Si wewe uliyesema mto unataka nafasi ya kupumua?"

"Nilisema. Lakini amri ni amri."

"Basi nipitishie juu."

Sujan akainuka, akasogea kando.

Ghafla simu ya Purna ikalia. Akasikiliza, akaruka juu, kisha akashuka mbio na kumshika bibi mkono.

"Tumeshinda! Wamefuta amri tangu asubuhi! Hakuna nyumba itakayoguswa, watatujengea ukuta. Simama, bibi, wapishe waende zao!"

Ganeshmaya akauchomoa mkono wake. Akamtazama dereva, akanyoosha kidole nyuma ya tingatinga, kwenye nyumba yake.

"Geuza mashine, mwanangu. Ile ni yangu, na huondoki hapa mpaka uiangushe."